Nitajuaje kama kijana wangu anatunzwa vizuri nikiwa kazini?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Morogoro. Kijana wake ana miaka 19, ana usonji pamoja na ulemavu wa akili, na maneno anayotamka hayazidi kumi. Miezi minne iliyopita alimpata dada wa kumwangalia. Mama anatoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 12 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Nyumba anaikuta safi, kijana ameshaogeshwa, ametulia mbele ya televisheni, na majirani wanamsifu dada kwa upole. Lakini miezi miwili sasa kijana anajiuma mkono hadi umetoka kidonda, na ameanza kujikojolea mchana, jambo aliloliacha akiwa na miaka 8. Dada akiulizwa anajibu, "Ni hali yake tu." Mama anauliza: anateswa? Nimwachishe dada kazi? Niweke kamera? Na nitajuaje kama anatunzwa vizuri ilhali mwenyewe hawezi kuniambia?

Pole, mama. Usimwachishe dada kazi wiki hii, wala usimtuhumu. Lakini yale maneno "ni hali yake tu" usiyaache yapite. Hali yake unaijua kwa miaka 19. Kujiuma na kujikojolea si hali yake, ni mabadiliko. Usonji haulali miaka kumi na tisa halafu ukaamka na dalili mpya. Mtu asiyeweza kusema akianza jambo jipya, lina sababu, na sababu hiyo hutafutwa kwa mpangilio: mwili kwanza, halafu namna siku yake inavyokwenda, halafu watu walio karibu naye. Familia nyingi huanza na watu. Dada anafukuzwa, analetwa mwingine, na jino lililokuwa likimuuma kijana linaendelea kuoza.

Mwili kwanza

Mpeleke hospitali ndani ya siku chache hizi. Aliyekuwa mkavu kwa miaka 11 akaanza kujikojolea mchana anahitaji kupimwa mkojo, kupimwa sukari (hasa kama anakunywa maji kuliko kawaida yake au amekonda), kuangaliwa tumbo, na kuulizwa habari za degedege na dawa anazotumia. Anayejiuma anahitaji kuangaliwa kinywani jino kwa jino, masikioni, na ngozi yake yote. Tazama pia anajigusa au kujipiga wapi. Anayejipiga taya au upande mmoja wa kichwa huenda ana jino au sikio linalouma. Anayejikunja akileta magoti tumboni, anza na tumbo. Na kwa kuwa uko Morogoro, kipimo cha malaria kisiachwe.

Kikwazo utakachokutana nacho ni mhudumu wa afya kutazama usonji na kuacha kumtazama mgonjwa. Nenda na sentensi iliyo tayari: "Hili halikuwepo miezi mitatu iliyopita. Naomba apimwe kama angepimwa kijana mwingine yeyote wa miaka 19 aliyeanza kujikojolea ghafla." Iandike kwenye karatasi, kwa sababu ukifika pale kijana anapiga kelele foleni nzima inawatazama, utaisahau. Chombo cha mkojo kachukue jana yake, ukinge wa asubuhi nyumbani, uufikishe maabara ndani ya muda ambao maabara yenyewe imekuambia, kwa sababu mkojo uliokaa kwenye joto hutoa majibu yasiyo sahihi. Uliza ni siku gani na muda gani kliniki huwa na watu wachache. Mtu mmoja ashike foleni, wewe na kijana mkae nje chini ya mti hadi aitwe.

Sasa tumbo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Kukosa choo ni jambo la kawaida sana kwa watu wenye ulemavu wa akili, na ni jambo linaloua. Uingereza wana mpango ulioanza mwaka 2015 wa kuchunguza kifo cha kila mtu mwenye ulemavu wa akili, na ripoti zake zimeonyesha kuwa watu hawa hufa takriban miaka 20 mapema kuliko wengine, wengi kwa mambo yaliyokuwa yanazuilika au kutibika. Choo kilichofunga hadi utumbo kuziba ni mojawapo, na nimonia ya chakula kuingia kwenye njia ya hewa ni nyingine.

Utumbo ukijaa choo kigumu hukandamiza kibofu. Kibofu hakijai vizuri wala hakitoi mkojo wote, na mkojo unatoka wenyewe. Kwa hiyo kujikojolea kwa kijana wako kunaweza kuwa kunaanzia nyuma, si mbele. Kuna mtego mwingine hapo hapo: choo cha maji hupenya pembeni ya lile donge gumu na kuchafua nguo. Mwangalizi anadhani ni kuharisha, anampa dawa ya kuzuia kuharisha, na donge linazidi kukaza. Ukiona vidoa vya choo chepesi kwenye nguo ya ndani ya mtu ambaye hajapata choo kamili kwa siku kadhaa, usimpe dawa ya kuharisha. Mpeleke akapapaswe tumbo.

Nyumbani andikeni kila choo: tarehe, saa, na umbo lake. Kipimo cha Bristol kina picha 7, kutoka vidonge vigumu kama mavi ya mbuzi (namba 1) hadi maji matupu (namba 7). Namba 3 na 4 ndizo nzuri. Chapisheni picha hizo mbandike ukutani chooni, dada aandike namba tu. Siku tatu bila choo ni ishara ya kuchukua hatua, na hamna haja ya kusubiri wiki. Tumbo likivimba na kukaza, au akitapika, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kinachosaidia kila siku: maji glasi 6 hadi 8, yaliyogawanywa kwa saa za siku, yasisubiri kuombwa na kijana asiyejua kuomba. Papai, embe, maharage, mchicha, uji wa dona badala ya sembe. Kutembea. Na kwenda kukaa chooni zikishapita dakika 15 hadi 30 tangu amalize chai ya asubuhi, na vivyo hivyo baada ya chakula cha mchana, maana tumbo likipokea chakula utumbo wa chini husukuma. Akishakaa, asikae zaidi ya dakika 10. Choo cha kuchuchumaa kinampa mkao mzuri. Kama chenu ni cha kukaa, wekeni kibao cha miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Dawa za kulainisha choo zipo na ni salama zikipangwa na daktari, ila uzembe mmoja hurudisha kila kitu nyuma: dawa inaachwa siku choo kinapotoka. Utumbo uliotanuka miezi mingi hauponi kwa siku moja.

Kifafa nacho huandamana na usonji na ulemavu wa akili mara nyingi kuliko kwa watu wengine, na huweza kuanza wakati wa ujana. Kujikojolea kunakofuatwa na usingizi mzito, kushangaa sekunde kadhaa bila kuitika, au ulimi ulioumwa pembeni, mwambie daktari. Dada ajue la kufanya degedege likija: amlaze ubavu, aweke nguo laini chini ya kichwa, asimtie kijiko wala kidole mdomoni, atazame saa. Likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, ni hospitali. Na kama kifafa kipo, hapiki peke yake karibu na jiko la mkaa, na mlango wa bafu haufungwi kwa komeo la ndani.

Kutulia kwake

Mama, umeandika "ametulia" kama jambo jema, na pengine ni jema. Lakini kijana wa miaka 19 aliyetulia kila jioni, kila siku, naomba uulize kwa nini. Kuna nyumba ambako mtu mwenye ulemavu hupewa dawa ya mafua au ya mzio ile inayoleta usingizi, mwangalizi apate nafasi ya kufua na kupika. Mara nyingi haifanywi kwa ubaya, inafanywa kwa kuzidiwa na kazi. Simtuhumu dada. Nasema hili ni rahisi kulithibitisha au kulifuta: hesabu vidonge vyote vilivyomo ndani leo usiku, piga mstari wa kalamu kwenye usawa wa kila chupa, uhesabu tena baada ya siku tatu. Kisha weka dawa zote kwenye sanduku lenye kufuli, na kila dozi inayotolewa iandikwe saa na jina la aliyetoa.

Kama anatumia dawa zilizoandikwa na daktari kwa ajili ya tabia, mfano haloperidoli, klopromazini au risperidoni, mwulize daktari maswali matatu: inatibu nini hasa, tutajuaje kwamba inasaidia, na tutaipitia upya lini. Dawa za kundi hili zinaweza kukaza viungo, kutoa mate, kufunga choo, kuzuia mkojo, kuongeza uzito, na kumfanya mtu ashindwe kabisa kutuliza miguu yake. Hilo la mwisho huonekana kama tabia imezidi, dozi ikaongezwa, na mateso yakaongezeka nayo. Uingereza walianzisha kampeni mwaka 2016 ya kupunguza dawa hizi kwa watu wenye ulemavu wa akili na usonji wasiokuwa na ugonjwa unaozihitaji. Lakini usizikatishe mwenyewe ghafla, na za kifafa usiziguse kabisa bila daktari.

Siku yake inakwendaje

Hapa ndipo ubora wa malezi ya nyumbani unapoonekana. Sakafu safi na nguo zilizopigwa pasi ni kipimo cha kazi za ndani. Kipimo cha matunzo ya mtu ni muda gani katika siku yake anafanya jambo kwa mikono yake, anachagua, na anaeleweka. Jim Mansell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kent walipofuatilia nyumba za watu wenye ulemavu wa akili waliotolewa kwenye taasisi kubwa za Uingereza, walikuta kwamba nyumba nzuri na wafanyakazi wengi peke yake havitoshi. Kilicholeta tofauti kilikuwa ni namna mfanyakazi anavyomshirikisha mtu katika kazi ndogo ndogo za siku.

Unaweza kupima nyumbani kwako. Omba ruhusa siku moja ya kazi, mwambie dada wazi kwamba unataka kuielewa siku ya kijana, ukae pembeni. Chora karatasi yenye vyumba 72, yaani vyumba 6 kwa kila saa kwa saa 12. Kila dakika 10 zikifika, tazama mara moja uandike herufi: F akiwa anafanya kitu, M akiwa na mtu anayezungumza au kucheza naye, S akiwa amesubiri tu, L akiwa amelala, T televisheni. Siku yenye S na T nyingi inaeleza kujiuma kuliko maelezo marefu. Mtu aliyeachwa bila kitu saa nane kwa siku, mkono wake mwenyewe ndicho kitu pekee kinachompa hisia na kinachofanya watu wamkimbilie.

Umesema kijana huwa ameshaogeshwa. Kwa nini aogeshwe? Miaka 19 ni mwanamume, na kuoga ni kazi anayoweza kuijua kwa sehemu kubwa. Kuogeshwa na msichana mgeni kila siku kunamvunjia heshima, na kunamfundisha kwamba mtu yeyote anaweza kumvua nguo na kumshika. Mafunzo yawe kazi ya baba, kaka au mjomba kama yupo, dakika 20 jioni. Yagawanywe hivi: kuchukua taulo, kuvua shati, kuvua kaptula, kuchota maji kwa kopo na kujimwagia, kusugua sabuni kwenye dodoki, mkono wa kushoto, wa kulia, kifua, tumbo, sehemu za siri, miguu, kujimwagia tena, kujifuta, kuvaa. Mpangilio uwe uleule kila siku na maneno yaleyale. Anzeni kufundisha mwishoni: msaidizi afanye zote, kijana amalizie ile ya mwisho mwenyewe. Akiiweza siku tatu mfululizo, mwachieni mbili za mwisho. Hivyo kila siku anamaliza akiwa amefaulu.

Baada ya kusema "sugua", subiri. Hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia. Ubongo wake unachukua muda kuyashika maneno, na sisi huwa tunarudia sekunde ya pili, tunapandisha sauti sekunde ya tatu, na ya nne tumeshamnyang'anya dodoki. Akishindwa baada ya kumi, onyesha kwa mkono wako. Akishindwa tena, weka mkono wako chini ya wake, si juu, ili aweze kuuondoa akitaka. Kama maji baridi ya asubuhi yanamfanya apige kelele, si ukaidi. Pasheni moto kidogo. Kama anaogopa maji kichwani, mpeni kopo alishike yeye.

Chai ni fursa nyingine. Mwekee vikombe viwili vya rangi tofauti mbele yake, asubiri aonyeshe. Akimenya ndizi mwenyewe, kwa dakika nne, hizo ni dakika nne nzuri kuliko ndizi iliyomenywa kwa sekunde tano. Na akila, akae wima miguu ikiwa chini, apate tonge dogo, na asilale kwa nusu saa baada ya kula. Akikohoa wakati wa kula au sauti ikawa ya majimaji baada ya kunywa, mwambie daktari, hasa kama kifua kinamrudia rudia.

Kumfanya aeleweke

Maneno kumi ni mengi, ila maneno mawili yanahitajika zaidi ya mengine: "basi" na "nisaidie". Mtu asiye na namna ya kusema basi husema kwa meno. Chagueni ishara ya mkono anayoiweza, mfano kiganja wazi kusukumwa mbele, na kila mtu ndani ya nyumba aiheshimu mara ileile anapoitoa, hata kama ni katikati ya chakula. Ikiheshimiwa mara tisa na kupuuzwa ya kumi, anarudi kwenye kuuma.

Ratiba ya siku itundikeni kwa kamba na vibanio vya nguo. Piga picha kwa simu vitu vyake halisi: kikombe chake, choo chenu, ndoo yenu, geti, kitanda chake. Chapisha ukubwa wa nusu ya daftari, gundisha kwenye boksi, zibane kwa mpangilio kutoka kushoto. Anza na picha 4, si 14. Jambo likiisha, kijana mwenyewe anatoa picha na kuitia kwenye kikapu. Wewe kuondoka asubuhi na kurudi jioni viwe na picha pia: kwa mtu asiyejua saa, mama anapotoka haijulikani kama atarudi. Na wekeni picha moja ya alama nyekundu ya "leo hakuna", kwa siku umeme umekatika na televisheni haiwaki.

Daftari

Nunua daftari la kurasa 96. Kila siku ukurasa mmoja, na dada aandike matano tu: alichokula na glasi za maji, choo na namba yake, mkojo na saa aliyojikojolea, usingizi wa mchana, na jambo alilolifanya mwenyewe. Ukimwomba aandike mambo kumi na tano hataandika lolote. Kama kuandika kunamsumbua, atume sauti kwenye simu mchana na jioni, wewe uandike usiku.

Kila kujiuma kuandikwe mistari mitatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. "Alikasirika" haisaidii. "Saa 4.20, nilizima televisheni nikamwita kuoga. Alijiuma mkono wa kulia. Nikawasha televisheni" inasaidia sana, kwa sababu inaonyesha wazi kwamba kuuma kumefuta kuoga. Kurasa za siku 14 zikikaa pamoja, tafuta saa zinazojirudia. Kujiuma kabla ya chakula ni njaa au ni kusubiri. Kunakokuja blenda ikiwashwa au jenereta la jirani likiunguruma ni kelele; mhamishe au mpe vizuia kelele vya masikioni. Kunakokuja akiachwa peke yake kinaita mtu. Kunakokuja saa yoyote, usiku na mchana, bila mpango, kinarudisha macho kwenye maumivu.

Wakati anajiuma, dada asipige kelele, asimshike kwa nguvu, asimlaze chini kifudifudi kwa hali yoyote, kwa kuwa mtu hukosa pumzi akikandamizwa hivyo. Aondoe kelele, asogee hatua mbili, ampe kitambaa kigumu au kipande cha mpira safi cha kuuma, aonyeshe ishara ya "basi". Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, na kikivimba au kutoa usaha kitibiwe.

Watu

Mateso yapo, na mtu asiyesema yuko kwenye hatari zaidi, ikiwa ni pamoja na ya kingono. Dalili zenye uzito ni hizi: michubuko mahali ambapo mtu haangukii, kama ndani ya paja, mgongoni, nyuma ya masikio au mkono wa juu wenye alama za vidole, kujikinga uso mkono wa mtu ukiinuka, kuganda au kukimbia mtu fulani anapoingia, maumivu au damu sehemu za siri, uzito kushuka. Mpime uzito tarehe ileile kila mwezi na uandike. Rudi nyumbani saa usiyotarajiwa mara moja kila wiki mbili, bila kuifanya siri: mwambie dada toka mwanzo kwamba huo ni utaratibu wa nyumba hii. Na usimtazame dada peke yake. Nani mwingine huingia mchana? Ndugu, fundi, kijana wa jirani?

Ukikuta dalili hizo, usimhoji mtu na usimwogeshe kijana kabla hajaonwa. Nenda kituo cha polisi, dawati la jinsia na watoto, upate fomu ya PF3, kisha hospitali. Kama ameumia vibaya aanze kutibiwa kwanza. Mhusishe afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamhusu mwanao akiwa mtu mzima, kwa hiyo usikubali kuambiwa mambo ya ndani yamalizwe ndani.

Kamera ninaipa nafasi ndogo. Ukiiweka, iwe sebuleni, dada ajue, isiwepo kamwe bafuni wala chumba cha kulala. Itakuonyesha kofi. Haitakuonyesha kiu, jino, wala saa nane za kukaa bure, na ndiyo mambo yanayowaumiza wengi zaidi.

Sasa dada mwenyewe. Saa 12 kwa siku 6 ni saa 72 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku, na mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Naye yuko peke yake, anapika, anafua, anamlinda kijana mwenye nguvu kumzidi, na hakuna aliyemfundisha. Mtu wa hivyo akisema "ni hali yake tu", huenda hana nafasi tena ya kuona. Tafuta wa pili wa kumpokea saa 8 mchana, hata siku tatu kwa wiki. Ikiwezekana kijana wa kiume, atembee naye, acheze naye mpira, amsindikize dukani. Kazi za nyumba zigawanywe mbili: zile zinazofanywa pamoja na mwanao (kuchambua maharage, kuanika nguo, kumwagilia bustani) na zile zinazosubiri wewe urudi. Mlipe dada saa za ziada. Siku tatu shinda naye ukimwonyesha: ya kwanza yeye anatazama, ya pili mnafanya pamoja, ya tatu yeye anafanya wewe unatazama. Dakika 10 za makabidhiano asubuhi na 10 jioni, mmekaa chini, daftari katikati, simu kando.

Mwambie pia kwamba kuleta habari mbaya hakutamfukuzisha. Siku atakapoandika "leo nilimfokea", mshukuru kwa kusema kabla ya kuuliza ilikuwaje.

Hospitali iwe wiki hii, hesabu ya dawa iwe leo usiku, daftari lianze kesho. Majibu ya mkojo na sukari yakitoka na daftari likifika siku ya 14, tuletee vyote pamoja na uzito wake na ile karatasi ya vyumba 72. Swali la dada abaki au aondoke litajibika hapo.